Barua ya wazi: Maktaba za shule zifunguliwe, na alama zitolewe kwa kutafuta

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mheshimiwa Waziri wa Nchi mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa),
Mkurugenzi Mkuu, Taasisi ya Elimu Tanzania,
Katibu Mtendaji, Baraza la Mitihani la Tanzania.

YAH: KIPINDI CHA MAKTABA NA KAZI MRADI KATIKA SHULE ZA SEKONDARI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naanza na kufuli. Mlango wa maktaba ya shule ninayofundisha, sekondari ya kata mkoani Ruvuma, una kufuli kubwa kuliko la stoo ya mahindi ya wanafunzi. Ufunguo wake ninao mimi. Nafundisha Historia na Kiswahili, vipindi 26 kwa wiki, na juu ya hivyo mimi ndiye mwalimu wa maktaba. Cheo hicho nilikipata siku makamu mkuu wa shule aliponikuta nasoma gazeti chini ya mwembe wakati wa chai. Akasema, "Mwalimu, wewe si unapenda kusoma? Chukua huu." Uteuzi wangu uliishia hapo. Sikupunguziwa kipindi, sikupelekwa semina, wala hakuna aliyeniambia kazi yenyewe ni ipi zaidi ya kuhakikisha vitabu havipotei.

Basi nikahakikisha havipotei. Kwa miaka miwili maktaba ile ilikuwa salama kabisa, maana haikufunguliwa. Msinicheke. Mwalimu yeyote aliyewahi kukabidhiwa leja ya vitabu ananielewa. Akija mgeni mwenye faili, swali lake ni moja: leja inasema vitabu 412, mbona rafuni naona 397? Sijawahi kuulizwa ni vingapi vimeazimwa mwezi huu, au ni kipi kimesomwa mpaka jalada likang'oka. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa na kitabu kilichoibwa vyote vinaingia safu moja, safu ya upungufu, na upungufu unaelezwa kwa maandishi, wakati mwingine unalipwa kutoka mfukoni. Kwa hesabu hiyo mwalimu mwenye akili zake hufunga mlango. Katika hivyo 397, nakala 14 ni mwongozo wa kujaza fomu za kodi za Marekani, zawadi ya wafadhili fulani. Hizo hazijawahi kupotea hata moja.

Kilichonifanya nifungue ni kazi mradi, yaani utafiti mdogo ambao mwanafunzi anaufanya mwenyewe na kupewa alama. Niliwapa kidato cha tatu waandike kuhusu vita vya Maji Maji, nikidhani nimewapa kitu chepesi. Wanaishi Ruvuma. Makumbusho ya Maji Maji yako Songea mjini. Kila tarehe 27 Februari wanasikia habari za mashujaa walionyongwa pale mwaka 1906, na wapo wenye mababu waliosimuliwa vita hivyo na watu walioviona kwa macho. Zikaja kazi 43, zimepigwa chapa, zina jalada la plastiki na waya wa kuzungusha. Nilianza kusahihisha kwa furaha. Kufika ya sita nikahisi nimeshaisoma. Hatimaye nikahesabu: kazi 19 zilikuwa kazi moja. Zote zilisema Kinjikitile Ngwale, mganga aliyegawa maji ya dawa yaliyovipa vita hivyo jina, alinyongwa mwaka 1907, ilhali Wajerumani walimnyonga kule Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vinawaka. Kosa lile lilikuwa limesafiri salama kutoka jalada hadi jalada. Na moja ya kazi hizo, ya kijana mpole wa dawati la mbele, chini ya ukurasa wa mwisho ilibaki na jina la msichana wa shule ya mkoa mwingine.

Nilimwita ofisini. Hakukana. Aliniambia stesheneri ya stendi wanaziuza, shilingi 3,000 bila jalada, 4,500 pamoja na jalada. Nilipofoka akaniangalia kwa mshangao wa kweli: "Mwalimu, si ulisema tutafute? Nimetafuta, nikaipata."

Nimeishi na jibu hilo kwa muda mrefu. Tangu darasa la kwanza tumemfundisha mtoto huyu kwamba jibu liko mahali fulani tayari, limekaa linamsubiri: ubaoni, kwenye daftari la mwenzake, kwenye desa, yaani majibu yaliyokwisha kuandaliwa. Kwa miaka tisa alinakili notisi za ubaoni bila kuacha nukta, tukampa tiki. Mwaka wa kumi amefanya vilevile, tukamwita mwizi.

Kuna jambo jingine ambalo wakubwa hawapendi kulisikia. Mtoto huyu anaandika Historia kwa Kiingereza. Anasoma aya, anaielewa nusu, kisha namwambia aiandike "kwa maneno yake mwenyewe". Maneno yake mwenyewe ya Kiingereza ni mangapi? Anaogopa kwamba akigusa neno moja sentensi nzima itamwangukia, kwa hiyo anaibeba kama ilivyo. Kunakili ninakokuona darasani, kwa sehemu kubwa, kunatokana na woga huo kuliko uvivu. Nililijua hili siku nilipowaruhusu waandike rasimu kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Watoto ambao muhula mzima hawakuwa na la kusema wakaanza kubishana. Ndiyo maana nilifurahi kuona somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili. Kama mnatafuta mahali pa kuanzia kufundisha utafiti, ni hapo.

Nikafungua mlango basi. Sikuwa na mpango mkubwa. Nilichukua boksi tupu la chaki, nikalitoboa juu, nikaandika neno SWALI kwa makapeni, nikaliweka juu ya meza ya maktaba. Kila Ijumaa saa nane na nusu mchana tunalifungua. Masharti yalikuwa matatu: swali liwe linakuwasha wewe mwenyewe, jibu lake ulitafute sehemu mbili tofauti, na uandike umelipata wapi kiasi kwamba mwenzako akiichukua karatasi yako atafika palepale. Hilo la tatu ndilo nililolipigania. Sikuwachosha na mitindo ya marejeo, wapi nukta na wapi mkato. Hayo watayakuta chuoni. Niliwaambia ni kama kumwelekeza mgeni nyumbani. Humwambii "kule". Unamwambia ukishuka kwenye bodaboda pale mashine ya kusaga, pinda kushoto, nyumba ya tatu yenye mpapai. Kitabu kina mwandishi, jina, mwaka na ukurasa. Mzee naye ana jina, kijiji na tarehe mliyozungumza. Kusema "nimeona Google" ni sawa na kusema umeona barabarani.

Vitabu tulivipanga upya kwa namba za Dewey, ule mfumo wa maktaba unaoipa kila mada namba yake, Jumamosi nne, gundi tukapika wenyewe kwa unga wa ngano. Kilimo 630, historia ya Tanzania 967.8. Kisha nikaanzisha mashindano: nataja namba, wawili wanakwenda rafuni, wa kwanza kukileta kitabu anapata nafasi ya kukiazima kwanza. Kelele zake zilimleta makamu mara mbili. Tuligundua pia kwamba kwenye vitabu vya Jiografia kurasa za ramani ndizo zinazoondoka kwanza. Mtu anachana ukurasa ili akachore nyumbani. Sikufanya gwaride la kumtafuta mhalifu. Tulitundika ramani kubwa ukutani na karatasi za kuchorea pembeni. Tangu hapo hakuna ukurasa uliochanwa, au kama upo sijauona.

Swali lililonifundisha zaidi lilitoka kwa msichana wa kidato cha pili: "Dumuzi anayekula mahindi ghalani katoka wapi, na kwa nini babu anamwita Scania?" Mkoa wetu unaishi kwa mahindi, kwa hiyo darasa zima lilinyamaza kusikiliza. Kitabu cha kilimo kilimwambia kwamba asili ya mdudu huyo ni Amerika ya Kati, na kwamba hapa nchini alianza kuonekana mkoani Tabora, kuelekea miaka ya 1980. Inadhaniwa, kikasema, aliingia na mahindi kutoka nje. Babu yake akamwambia kwamba ujanani hawakumjua kabisa, walikuwa na fukusi tu wa kawaida. Kwamba jina la Scania ni la lile lori, kwa sababu ukimwachia gunia analipakia lote. Na kwamba hakuna cha kudhaniwa hapo, alikuja na mahindi ya msaada. Msichana yule akaandika mwishoni mwa karatasi yake: "Babu ana uhakika, kitabu hakina uhakika. Nimeandika vyote viwili na nani kasema."

Sijawahi kuandika sentensi nzuri kama hiyo, nami nina shahada.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alizilaumu shule zinazomfanya mtoto aamini kwamba maarifa yote ya maana yako vitabuni au kwa wasomi, hata akawadharau wazee wake. Mwaka uliofuata, 1968, wanafunzi wa Historia wa Dar es Salaam, chuo chao kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walirudi vijijini kwao kuwahoji wazee kuhusu Maji Maji. Walimu wao walikuwa akina Gilbert Gwassa na John Iliffe. Mengi tuyajuayo leo kuhusu vita vile kwa upande wa waliovipigana, mbali na taarifa za maofisa wa Kijerumani, yalikusanywa hivyo, na vijana wenye daftari na kalamu. Hawakuhitaji stesheneri ya stendi.

Kwa hiyo mwaka uliofuata nikarudia kazi ileile, lakini nikaipunguza iwe swali moja: waliokufa walikuwa wangapi? Taarifa rasmi ya Wajerumani inasema 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Niliziandika namba hizo ubaoni, nikakaa. Mtoto mmoja akauliza nani alihesabu. Mwingine akauliza kama waliokufa kwa njaa, baada ya mashamba na maghala kuchomwa, wamo. Wa tatu akasema aliyechoma ghala hawezi kuaminiwa kuhesabu makaburi, mwenzake akamjibu kwamba hata anayelia anaweza kukosea hesabu. Kengele ikagonga, hawakutoka. Hapo hakuna desa la kununua, maana swali halina jibu la mstari mmoja. Kuna njia tu, na njia hiyo lazima uipite mwenyewe.

Walikwenda pia kwa wazee, wakiwa wamefundishwa kuomba ruhusa kwanza na kusema maneno yatakwenda wapi. Mzee mmoja aliwasimulia habari za ukoo uliowaonyesha Wajerumani njia, akataja jina, kisha akasita: "Hilo msiandike. Wajukuu zao tunaishi nao." Hawakuandika. Kwenye karatasi waliacha nafasi, wakaandika kwamba msimulizi ameomba sehemu hii isichapwe. Niliwapa alama zote. Sijui kwenye mwongozo wenu wa usahihishaji kazi hiyo ingepata ngapi.

Sasa imekuja akili mnemba, na wenzangu wengi wanaiona kama mwisho wa dunia. Mimi naiona kama ile stesheneri ya stendi, ila imehamia kwenye simu ya mjomba na bei imeshuka. Mtoto aliyezoea kununua kazi mradi kwa 4,500 kwa nini asiiombe bure? Nilijaribu kitu. Nilimuuliza ChatGPT swali la Maji Maji, nikaprinti jibu lake, nikawapa wanafunzi kalamu nyekundu. Wao ndio walimu leo, nikawaambia, sahihisheni. Kila sentensi itafutiwe ushahidi, isiyo na ushahidi ipigwe mstari. Mengi yalikuwa sawa. Lakini lilitaja na kitabu kimoja, jina zuri, mwandishi, mwaka, ukurasa kabisa. Tulikitafuta rafuni, hakipo. Tukauliza maktaba ya mkoa, hakipo. Mwishowe tukakubaliana kwamba kitabu hicho hakijawahi kuandikwa na mtu. Mngeona nyuso zao! Yule kijana wa dawati la mbele, sasa yuko kidato cha nne, ndiye aliyesema kwa sauti ya mtu aliyeibiwa: "Yaani kanipa na ukurasa!"

Haya, ninachoomba.

Baraza la Mitihani na Taasisi ya Elimu, naanza na ninyi, maana mwanafunzi na mwalimu wote wanatazama alama zilipo. Kazi mradi inapimwa kwa kile kinacholetwa mwishoni, na kile kinacholetwa mwishoni ndicho kinachouzwa stendi. Ombeni njia aliyoipita mwanafunzi. Kila mwanafunzi awe na daftari la utafiti lenye swali lake, mahali alipotafuta, alichokikosa, aliyemhoji na lini, alipobadili mawazo na kwa nini, na mwalimu atie saini kila wiki. Daftari hilo lichukue nusu ya alama au zaidi, na jalada la plastiki lisichukue hata moja. Daftari lenye kufutafuta, lenye tope la shamba, lenye mwandiko wa siku kumi tofauti, ni gumu sana kuliuza. Mtaala ulioanza kutumika kwa awamu Januari 2024 unasema tunafundisha umahiri. Umahiri huo uanze kuonekana kwenye karatasi ya usahihishaji, la sivyo utabaki kwenye dibaji. Rasimu kwa Kiswahili ziruhusiwe wazi, hata kwenye masomo yanayoandikwa kwa Kiingereza, ili mwalimu asije akaonekana amevunja sheria kwa kumwacha mtoto afikiri.

TAMISEMI, ninyi ndio mnaopanga ikama, yaani idadi ya watumishi wa kila shule. Najua mtaniambia hakuna nafasi ya mkutubi kwa kila shule, na sitabisha. Lakini Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka kipo Bagamoyo, kinafundisha hadi ngazi ya stashahada. Mkutubi mmoja kwa kata, mwenye pikipiki, akizunguka shule tatu au nne, ni kitu kinachowezekana. Hilo likishindikana, mwalimu mwenye ufunguo apunguziwe angalau vipindi sita, na kipindi kimoja cha maktaba kiingie kwenye ratiba ya kila mkondo, asubuhi, watoto wakiwa na nguvu. Wanaokwenda kilomita saba kwa miguu Ijumaa jioni hawawezi kubaki na mimi, na hao ndio wasio na kitabu nyumbani. Nakumbuka enzi za Rais Kikwete lilipotoka agizo la maabara kwa kila sekondari ya kata: wenyeviti wa vijiji walichangisha nyumba kwa nyumba mpaka kuta zikasimama. Kwa maktaba sijaona hata nusu ya msukumo ule. Chumba chetu kimetenganishwa na maabara ya Kemia kwa ukuta usiofika juu, kwa hiyo vitabu vya kidato cha nne vinanuka salfa.

Ukaguzi nao ubadilishe swali. Pembeni ya "vipo vingapi" iwepo safu ya "vimeazimwa mara ngapi". Shule iruhusiwe kupoteza vitabu kadhaa kwa mia kila mwaka bila mwalimu kuandika barua ya kujieleza, na iwepo njia nyepesi ya kufuta vilivyochakaa. Gharama hiyo ni ndogo kuliko ya chumba kizima cha vitabu visivyosomwa.

Kuhusu simu sitasema mengi. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu ni kazi nzuri, mimi mwenyewe naitumia, kwa simu yangu na bando langu. Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni na sidai waruhusiwe. Nadai vishikwambi vitano vya shule, vikae ndani ya kufuli lile lile, vifunguliwe wakati wa kipindi. Ruzuku ya shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka haiwezi kubeba hilo, mnalijua vizuri kuliko mimi.

Mkitaka kuona haya mnayoyasoma, njooni Ijumaa yoyote, saa nane na nusu. Hakuna haja ya kuandaa risala wala kutuletea vitabu vya kodi. Mtasaini kitabu cha wageni, mtatumbukiza swali moja kwenye boksi kama kila mtu, kisha mtakaa kwenye benchi mtuambie mmelitafutia wapi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mwenye ufunguo, Ruvuma.

Nakala: Makamu Mkuu wa Shule, kwa taarifa. Kelele za Ijumaa zitaendelea.